Mshubiri unalainika kitako, hautoi maua, na mama anakunywa jani zima: nifanyeje?

Swali la msomaji: "Nina vyungu kumi na viwili vya alovera barazani kwangu, Kigamboni. Nilipanda miaka miwili iliyopita kwenye udongo mweusi wenye samadi nyingi, na ninamwagilia kila jioni. Tangu masika yaanze majani yamekuwa membamba na mekundu-mekundu, na miche mitatu imelainika chini na inanuka. Hakuna hata mmoja uliotoa ua. Nataka pia kujua kama ute wake unafaa kumpaka mtoto akiungua. Mama yangu anasaga jani zima na kunywa kwa ajili ya kisukari. Jirani naye anawawekea kuku kwenye maji ili wasipate kideri. Haya yote ni sahihi?"

Jibu:

Dada, umeuliza mengi lakini yote yanarudi kwenye jani lilelile. Mshubiri, ndio huo tuliozoea kuuita alovera, ni ghala la maji. Ukishajua maji yanakaa wapi ndani yake utaelewa kwa nini unaoza ukiunywesha kila siku, kwa nini haujatoa ua, na kipande gani cha jani ni cha kupaka na kipi ni cha kumwaga. Lakini tuanze na ile miche mitatu inayonuka, maana hiyo haingoji.

Leo hiihii itoe kwenye vyungu. Shika shina chini ya majani, laza chungu ubavu, vuta taratibu, kisha kung'uta udongo wote. Sasa kagua mzizi mmojammoja. Mzizi mzima ni mgumu, una rangi ya maziwa au kahawia hafifu, na ukiuvuta haukatiki kirahisi. Mzizi uliooza ukiubana kwa kidole na gumba, ganda lake linavuka kama soksi na unabaki na uzi mwembamba wa katikati. Yote ya namna hiyo kata. Kisha chukua kisu kikali, kipanguse kwa spiriti, na uanze kukata kitako cha shina vipande vyembamba kama vya tango, ukipanda juu kidogokidogo, huku ukipangusa kisu kila baada ya kukata. Tazama uso wa kila mkato. Ukiona hata doa la kahawia la ukubwa wa punje ya mtama, kata tena, kwa sababu kuoza kutapandia hapohapo. Unasimama pale uso mzima wa shina unapokuwa na rangi moja safi.

Kuna mahali pa kukata tamaa, na ni vizuri upajue mapema. Shika majani machanga ya katikati, kwenye moyo wa mmea, uyavute kidogo. Yakichomoka kwa ulaini na ncha yake ya chini ina ute mchafu wenye harufu, kuoza kumeshafika moyoni na mche huo hauokoleki. Utupe mbali, usiutie kwenye shimo la mboji, na udongo wake usiutumie kwa mshubiri mwingine. Chungu chenyewe kioshe kwa sabuni, kisha kilowe nusu saa kwenye maji yenye jiki, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 9 za maji, halafu kikauke juani.

Miche iliyosalimika ilaze kivulini, mahali penye hewa, juu ya gunia au gazeti. Bara, siku 4 au 5 zinatosha. Huko kwenu, kwa unyevu wa bahari na mvua za masika, nenda hadi siku 7 au 10. Kidonda kikiguswa kiwe kikavu na kigumu kama ngozi ya ngoma. Ukipanda kabla ya hapo umeirudisha kwenye ugonjwa. Baada ya hapo panda kwenye udongo mkavu, uegemeze kwa mawe mawili matatu kama hauna mizizi ya kuushikilia, na usitie hata tone la maji kwa siku 7 hadi 10. Majani yatazidi kukunjamana. Yaache, yanakula akiba yao. Mizizi mipya huanza kuonekana kwa kawaida ndani ya wiki 3 hadi 5, na dalili yake ni kwamba ukiutikisa mche kwa kidole unakataa kuyumba.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Umeona majani yamekuwa membamba, ukafikiri mmea una kiu, ukaongeza maji. Ulikuwa sahihi nusu: una kiu kweli, ila kiu hiyo imeletwa na maji. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukiloa muda wote, mizizi inakosa pumzi, inakufa, kuvu na bakteria wa kuozesha wanaingia, na mmea unabaki umekaa kwenye maji bila mdomo wa kuyanywea. Kwa hiyo usiamue kwa kutazama majani peke yake. Bonyeza kitako. Mshubiri wenye kiu ya kweli una kitako kigumu, udongo wake ni mkavu hadi chini, majani yamejikunja kwa ndani kama mfereji, na ukiunywesha yanajaa tena ndani ya siku 2 au 3. Mshubiri unaooza una kitako kinachobonyea, udongo mbichi, na majani ya chini yanageuka manjano yanayopitisha mwanga kama karatasi iliyoloa mafuta. Wekundu peke yake si ugonjwa. Ni namna mmea unavyojikinga na jua kali au kuonyesha kwamba mizizi ina shida. Mizizi ikipona, kijani kinarudi.

Asili ya mmea huu ni milima ya Hajar, kaskazini mwa Omani, kwenye miamba na mvua za kuhesabu. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa, na maji hupotea hapo. Mshubiri huvifungua usiku, hewa ikiwa imepoa, na mchana huvifunga. Ndiyo maana ratiba ya kumwagilia mchicha haiufai kabisa.

Udongo mweusi wenye samadi nyingi uutumie kwa bamia. Kwa mshubiri pima hivi, kwa kopo lolote ulilonalo: makopo 2 ya udongo wa kawaida wa tifutifu, makopo 2 ya mchanga mnene wa mto, kopo 1 la kokoto ndogo au vigae vilivyovunjwa hadi ukubwa wa punje za mahindi, na nusu kopo ya samadi iliyooza kabisa, ile isiyonuka tena. Najua Kigamboni mchanga wa ufukweni uko mlangoni, lakini uuache. Una chumvi, na punje zake ndogo hushikana na kuziba. Ukishachanganya, loanisha kidogo, fumbata konzi, kisha fungua mkono na uguse kwa kidole: donge liporomoke. Likibaki limeshikana, ongeza mchanga. Kipimo cha pili, jaza chungu, mimina lita moja ya maji, na uangalie chini. Maji yaanze kutoka mapema, yasituame juu kama dimbwi.

Chungu cha udongo wa mfinyanzi kisichopakwa rangi ndicho bora, kwa sababu kuta zake hupitisha hewa na kukausha udongo pande zote. Ndoo ya rangi ya lita 10 nayo inafaa kwa mmea mkubwa, mradi uitoboe matundu 6 hadi 8 yenye upana wa kidole cha mwisho, na uinue juu ya matofali mawili ili matundu yasizibwe na sakafu. Usipande mche mdogo kwenye chungu kikubwa. Nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kuzunguka mizizi inatosha, kwani udongo usio na mizizi hubaki mbichi kwa muda mrefu. Na lile tabaka la kokoto ambalo karibu kila mtu huliweka chini ya chungu halisaidii. Maji husita pale udongo unapokutana na kokoto, na sehemu mbichi inapanda karibu zaidi na mizizi. Weka kipande cha wavu juu ya tundu, kisha changanya hizo kokoto ndani ya udongo.

Kumwagilia: nywesha mpaka maji yatoke chini, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, halafu usiguse tena mpaka udongo uwe mkavu hadi pingili ya pili ya kidole. Kwa vyungu vya pwani vilivyo juani, wakati wa joto la kaskazi, Desemba hadi Februari, hiyo ni kama kila siku 7 hadi 10. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ni kila siku 14 hadi 21. Masika yakianza visogeze chini ya paa na usahau ndoo ya maji. Elekeza maji kwenye udongo. Yakituama katikati ya majani, pale yanapokutana, yanaanzisha kuoza kwa moyo, ambako ndiko kubaya kuliko kote.

Mbolea ni kidogo sana: konzi moja ya samadi iliyooza kwa kila chungu, mara 2 kwa mwaka, mwanzoni mwa masika na mwanzoni mwa vuli. Kinyesi kibichi cha kuku kinaunguza mizizi, na mbolea za kukuzia kama urea zinaleta majani marefu, laini, yanayovunjika kwa uzito wake yenyewe.

Ukipenda kuhamishia baadhi ardhini, tengeneza tuta la kimo cha sentimita 25 hadi 30, panda kwa nafasi ya sentimita 50 kati ya mche na mche na 70 kati ya mistari. Tuta ndilo litakaloiokoa miche masika yajayo.

Tukija kwenye watoto, yaani vile vichipukizi vinavyotoka pembeni ya mama: usivitenge mpaka viwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15, majani 4 au 5, na mizizi yao wenyewe. Fukua pembeni kwa kijiko, tafuta pale kilipoungana na mama, kata kwa kisu safi, kiache kivulini siku 2 au 3, panda, na maji ya kwanza yaje baada ya siku 5 hadi 7. Jani lililokatwa na kuchomekwa ardhini halioti. Linaweza kukaa bichi kwa wiki kadhaa likakupa matumaini, lakini halina jicho la kuchipua, na mwisho linaoza.

Sasa maua. Mshubiri kwa kawaida hauchanui kabla ya mwaka wa 3 au wa 4, kwa hiyo wako wa miaka miwili haujachelewa. Unachohitaji ni jua la moja kwa moja saa 6 au zaidi kwa siku, mizizi iliyojaa chungu chake, na kipindi kirefu cha ukavu na ubaridi kiasi. Kipupwe cha pwani kinaweza kutosha ukiuacha bila maji ya mara kwa mara. Barazani chini ya bati, mwanga wa pembeni peke yake hautoshi. Utaujua kwa majani yaliyolala, marefu na yaliyopauka. Usiutoe ghafla juani, utaungua madoa meupe yasiyofutika. Uanze na jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili tu kila siku, uongeze polepole kwa siku 10 hadi 14.

Ukichanua, utatoa mkuki mmoja kutoka katikati ya majani, wa sentimita 60 hadi 90, na maua ya manjano kama mirija midogo ya sentimita 3 hivi yanayoinamia chini. Yanaanza kufunguka kutoka chini ya mkuki kwenda juu, na ndege chozi huyafuata kwa ajili ya nekta. Wengi huogopa wakifikiri mmea unakaribia kufa, kwa sababu ya walichokiona kwa mkonge. Mkonge huchanua mara moja na kufa. Mshubiri huchanua mwaka baada ya mwaka. Mkuki ukikauka ukate karibu na chini. Mbegu usizingoje: mshubiri mmoja peke yake ni nadra kujizalishia mbegu, na watoto wanatosha.

Rangi ya ua ina kazi nyingine kubwa: inakusaidia kujua kama ulichonacho ni alovera kweli. Afrika Mashariki tuna mishubiri yetu mingi ya porini, na mingi kati yake ina maua mekundu au ya chungwa. Baadhi inatumiwa na watu tangu zamani, lakini iko pia yenye sumu kali, kama Aloe ballyi wa kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, unaosimama kama mti na majani yake yananuka kama panya. Madoa meupe kwenye majani hayatoshi kukuhakikishia, kwani hata alovera huwa nayo ikiwa changa. Kwa hiyo mshubiri wa kuokota porini usiuweke mdomoni. Usiuchimbe kuuza nje pia: aina zote za mshubiri, ukiacha alovera peke yake, ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, na biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali.

Wadudu ni tatizo dogo. Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata, na mara nyingi sisimizi ndio wanaowalinda. Wafute kwa pamba yenye spiriti, au nyunyizia kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji, jioni, kisha suuza kesho yake. Rudia kila baada ya siku 7, mara 3. Ukiona jani limeota vinundu vya ajabu kama uvimbe, huyo ni utitiri anayekaa ndani ya tishu, na sabuni haimfikii. Kata sehemu hiyo na kuichoma moto, na kama uvimbe umefika moyoni choma mche wote.

Sasa tulifungue jani. Kata jani moja la nje, lililonona, kwa mlalo, na uutazame uso wa mkato kwa karibu. Nje kuna ganda la kijani. Chini yake tu, kama duara la vidoto, yatatoka matone ya manjano yanayogeuka kahawia yakikaa hewani. Katikati kuna ute mweupe unaopitisha mwanga kama barafu, ambao zaidi ya asilimia 98 yake ni maji. Hizo ni dawa mbili tofauti ndani ya ganda moja. Yale matone ya manjano ndiyo shubiri yenyewe, ile tunayoitaja tunaposema kitu ni kichungu kama shubiri. Ndani yake kuna aloini, dawa kali ya kuharisha. Ute wa katikati hauna uchungu wa kutisha na ndio wa kupaka. Karibu madhara yote yanayoletwa na mshubiri yanatokana na kuvichanganya hivi viwili.

Kuutoa ute vizuri, chagua jani la nje la mmea wenye majani 12 au zaidi, na usichukue zaidi ya majani 3 kwa mmea mmoja ndani ya miezi 2. Osha, kata karibu kabisa na shina, kisha lisimamishe jani kwenye kikombe, mkato ukiwa chini, kwa dakika 20 hadi 30. Utaona kimiminika cha manjano kimejikusanya. Kimwage. Osha tena, kata ncha na kingo zenye miiba, menya ganda la upande mmoja, kisha la pili, ukiondoa na tabaka la chini yake la unene wa milimita 2 hivi. Suuza bonge la ute kwenye maji safi mpaka lisiwe na alama yoyote ya manjano. Tumia hapohapo. Kwenye friji, ndani ya chombo kisafi chenye kifuniko, unakaa siku 2 au 3. Ukigandishwa kwenye vitrei vya barafu unakaa miezi. Ukigeuka waridi au kuchacha, tupa. Kabla ya kuutumia kwa mtu yeyote mara ya kwanza, paka kidogo ndani ya kiwiko na ungoje saa 24. Kuna watu ngozi zao huwashwa nao, hasa wenye mzio wa vitunguu.

Mtoto akiungua, hatua ya kwanza ni maji ya bomba, yaliyopoa kawaida, yakimiminika juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Hayo ndiyo yanayozuia joto lisiendelee kula ngozi ya chini. Barafu, dawa ya meno, unga, yai na mafuta havifai: barafu inaumiza ngozi zaidi, na hivyo vingine vinafunga joto au vinaleta uchafu. Ukishapoza, kama ngozi ni nyekundu tu na haijachubuka wala kufanya malengelenge, paka ute safi mara 2 au 3 kwa siku. Tafiti zilizofanyika kuhusu moto mdogo ni ndogo lakini zinaelekea kuonyesha ute unaharakisha kupona. Kwenye kidonda kilicho wazi usiuweke. Ute wa kumenywa jikoni haujatakaswa, na unaweza kuingiza vijidudu pale ambapo ngozi haiwezi tena kuvizuia. Lengelenge usilipasue. Mpeleke hospitali bila kungoja kama eneo ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, kama ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, kama ni umeme au kemikali, au kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haisikii maumivu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anapelekwa hata moto ukiwa mdogo.

Kuhusu mama yako, tafadhali mwambie aache leo kusaga jani zima. Anachokunywa ni ute pamoja na shubiri. Shubiri husokota tumbo, huharisha, na kwa mtu anayeitumia mfululizo hupunguza madini ya potasiamu mwilini. Hilo ni hatari kwa moyo, zaidi kama anatumia dawa ya moyo iitwayo digoksini au vidonge vya kupunguza maji mwilini kama furosemaidi, ambavyo wagonjwa wengi wa presha na kisukari wanavyo. Marekani, mwaka 2002, mamlaka ya dawa iliziondoa dawa za kuharisha zenye shubiri kwenye orodha ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Baadaye shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka dondoo la jani zima la alovera kwenye kundi 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, baada ya panya waliopewa dondoo hilo kupata uvimbe wa utumbo mpana.

Kuna tafiti kadhaa ndogo zilizoona sukari ya damu ikishuka kidogo kwa wanaotumia mshubiri. Mimi nalisoma hilo kama onyo zaidi kuliko ruhusa. Mama akiwa kwenye metformini, glibenklamaidi au insulini, kuongeza kitu kingine kinachoshusha sukari bila kipimo kunaweza kumtoa jasho, kumtetemesha na kumwangusha usiku, na hatajua ni dozi gani iliyofanya hivyo, kwa sababu jani halina kipimo. Asiache dawa zake. Kliniki ijayo amweleze daktari wazi kwamba amekuwa akinywa, kwa muda gani na kiasi gani, na aombe kupimwa figo na potasiamu. Akikaribia kufanyiwa upasuaji wowote, alitaje hilo pia.

Wengine wasiopaswa kuunywa kabisa ni wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na mtu yeyote mwenye ugonjwa wa utumbo au figo. Na kwa kuwa pwani bado tuna desturi ya kupaka shubiri kwenye titi ili mtoto aache kunyonya, niiseme hapahapa: mtoto anayelamba anameza dawa ya kuharisha, na kwa umri wake kupungukiwa maji ni jambo la saa chache. Mwachishe polepole, ukipunguza nyonyesho moja kila baada ya siku chache, na kuanza na lile la mchana.

Kuku wa jirani ndio waliobaki. Kideri ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba, iwe ya dukani au ya bustanini. Majani ya mshubiri kwenye maji hayawazuii kuku kuambukizwa, na uchungu wake unaweza kuwafanya wanywe kidogo wakati wa joto. Hasara kubwa ni kwamba mfugaji anajiona amekinga, hachanji, na wiki moja inamaliza banda zima. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, ndiyo maana ilipelekwa sana vijijini. Inawekwa tone 1 kwenye jicho moja la kila kuku, mkubwa na kifaranga, na inarudiwa kila baada ya miezi 3. Mwambie aulize kwa ofisa mifugo wa kata siku ya kuchanja, na awachanje kuku wakiwa wazima. Waliokwisha kuanza kupinda shingo na kuharisha kijani chanjo haiwasaidii, hao awatenge mara moja.